Hazina Ikipungukiwa, Ni Nani Hubeba?



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu wapenzi, juma hili tumeazimia kuzungumza juu ya swali lililoulizwa bungeni. Twajua wapo watakaosema kwamba ukurasa huu ni wa familia, na mambo ya Bunge yana wenyewe. Lakini swali tunalolikusudia liliulizwa kwa ajili ya watoto, na jibu lake limeingia majumbani mwetu pasi na kubisha hodi. Basi tulitazame kwa utulivu, kama atazamavyo mzazi hesabu ya nyumba yake.

Mnamo Julai 2025, Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa, inayoongozwa na Mheshimiwa Julius Melly, ilikutana na Waziri wa Fedha, Mheshimiwa John Mbadi. Wabunge walitaka kujua sababu ya shule za umma kutopokea mgao wao kamili. Tangu mwaka 2018 Serikali iliahidi kutoa shilingi 22,244 kila mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma. Huo ndio mgao ambao walimu na wazazi huuita kapitesheni. Waziri akajibu waziwazi kwamba Hazina haina uwezo wa kuulipa wote, na kwamba kinachotolewa sasa ni kama shilingi 16,900. Nchi ikapata taharuki. Hazikupita siku nyingi, viongozi wa Serikali wakajitokeza kuwatuliza wazazi, wakisisitiza kwamba elimu ya bure haijafutwa.

Sisi hatukusudii kumlaumu Waziri kwa kusema alilolisema. Msimamizi akiungama kwamba kibindo kimepungua ni bora kuliko yule anayeapa kwamba kimejaa hali amekishika mkononi kitupu. Lakini kusema kweli ni nusu ya amana. Nusu ya pili ni kueleza upungufu huo umetokana na nini, utakwisha lini, na katika muda huo ni nani atakayeubeba. Hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya leo.

Tufanye hesabu kidogo. Ukitoa 16,900 katika 22,244, pengo ni shilingi 5,344 kwa kila mtoto. Kwa shule yenye wanafunzi 500, pengo hilo ni shilingi 2,672,000 kwa mwaka. Mwalimu mkuu hawezi kuwaambia watu wa umeme wampunguzie kwa sababu Hazina imepunguza. Hawezi kumwambia mlinzi wa usiku alinde nusu ya lango. Chaki, maji, karatasi za mitihani na vifaa vya maabara vina bei zake, na bei hizo hazijui habari za kamati. Basi mwalimu hukopa kwa muuza maharagwe na mahindi, na asipoweza kukopa tena, huandika barua kwa wazazi. Pengo halikupotea. Liliondoka Hazina, likapita shuleni, likateremka mpaka kwa mama.

Tumependa kulitazama jambo hili kutoka Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, ingawa jarida hili ni la watu wa Pwani. Familia zetu nyingi zina watoto au jamaa waliokwenda kutafuta maisha huko. Tena Kibera ni nyumbani kwa ndugu zetu Wanubi, Waislamu ambao wazee wao waliletwa na jeshi la Waingereza na kuishi katika ardhi ile kwa zaidi ya karne moja, hadi mwaka 2017 walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Jina lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Nayo mitaa hii miwili iko karibu sana na mahali pesa za nchi zinapoamuliwa. Kutoka Makina au Laini Saba hadi Bunge na afisi za Hazina ni safari fupi ya matatu, na wengi huitembea kwa miguu kuokoa nauli. Kawangware nayo imepakana na Lavington, penye majumba ya watu wenye nafasi. Kwa hiyo, ikiwa neno la Hazina halifiki hapo likiwa zima, litafikaje Lamu, Kwale au Tana River?

Mazingatio yetu ni kwa mama mmoja tu katika maelfu, ambaye hatumtaji jina kwa sababu ni wengi mno. Ni mama fua. Asubuhi hutoka Kawangware akaelekea Lavington au Kileleshwa, akakaa kando ya barabara na wenzake akingoja mtu wa kumwita kufua nguo. Siku nyingine huitwa, siku nyingine hurudi mikono mitupu. Mwenzake wa Kibera anauza mitumba katika soko la Toi, au mboga mlangoni pake. Wote wawili hununua kwa vipimo vidogo ambavyo watu wa Nairobi huviita kadogo: unga wa mlo mmoja, mafuta ya kujaza kifuniko, maji kwa mtungi. Mapato yao hayana uhakika hata wa kesho.

Wataalamu wa fedha wanapozungumza kuhusu mashaka ya uchumi, huwa wanasema juu ya mvua zisizotabirika, vita vya mbali vinavyopandisha bei ya mafuta, na thamani ya shilingi. Hayo ni ya kweli. Tuliona Januari 2024 dola moja ikipita shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 129. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mashaka ya Hazina na mashaka ya mama fua. Hazina ikipungukiwa, hukopa kwa dhamana za Serikali, ndani na nje ya nchi. Mama akipungukiwa, hukopa dukani, na mwenye duka akikataa, mlo mmoja huondolewa. Yeye hana wa kumshushia mzigo isipokuwa mtoto wake. Na mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, msururu umefika mwisho: upungufu wa dola nzima umetua juu ya mabega ya mtoto mwenye mkoba.

Hapana aseme kwamba mama huyu ni mpokeaji tu wa msaada. Yeye ni mlipa kodi. Sabuni anayofulia nguo za watu ina kodi ya asilimia 16. Mafuta ya matatu anayopanda nayo yalipandishwa kodi kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Akimtumia mzazi wake pesa kwa simu, ada ya kutuma ina ushuru wa asilimia 15. Kwa hivyo mbunge anapomuuliza Waziri pesa zimekwenda wapi, hamuulizi kwa niaba yake mwenyewe. Anauliza kwa niaba ya mwenye mali. Na mwenye mali akiuliza habari za mali yake, hajakosa adabu.

Sasa tuitazame hiyo mali. Bajeti ya mwaka 2025/26, iliyosomwa Juni 2025, ilipita trilioni 4.2. Elimu ilitengewa takriban bilioni 702, fungu kubwa kuliko wizara nyingi. Hilo tunalishukuru, na si haki kulificha. Lakini katika mwaka huohuo, riba peke yake ya deni la taifa, mbali na deni lenyewe, imekadiriwa kupita trilioni 1. Maana yake, tunawalipa wakopeshaji riba kuliko tunavyowasomesha watoto wetu wote, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu. Deni lote limepita trilioni 11. Sisi Waislamu tumefunzwa hatari ya riba tangu chuoni, na wengine hutucheka wakidhani hayo ni mambo ya zamani. Leo yeyote mwenye macho anaweza kuiona hatari hiyo katika vitabu vya Serikali, bila hata ya kufungua kitabu cha fikihi.

Basi mtu atauliza: kama pesa hazitoshi, Waziri afanye nini? Jibu tunalo katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Alipoelezwa ndoto ya mfalme, alijua kwamba inakuja miaka 7 ya neema na kufuatiwa na miaka 7 ya ukame. Huo ulikuwa wasiwasi wa uchumi mkubwa kuliko wetu. Naye alipoomba asimamie hazina za nchi, hakujisifu kwa nasaba wala kwa uzuri wake. Alitaja sifa mbili: kwamba ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Kisha akaweka akiba katika neema ili mzigo wa ukame usiwaangukie wanyonge. Wizara ya fedha yoyote, ya nchi yoyote, inapimwa kwa sifa hizo mbili. Ikijua bila ya kuhifadhi, mali itaibiwa. Ikihifadhi bila ya kujua, mali itapotea njiani.

Maulamaa wa usuli nao wametufundisha kuyapanga mahitaji katika daraja tatu: ya dharura, ambayo bila yake maisha huharibika, ya haja, ambayo bila yake maisha huwa mazito, na ya mapambo, ambayo hupendeza tu. Na katika mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, mojawapo ni akili. Elimu ya mtoto iko katika daraja ya kwanza. Baba mwenye busara akipungukiwa, hupunguza kwanza safari zake, kisha mavazi yake, kisha kitoweo chake, na kitu cha mwisho kabisa kuguswa ni sahani ya mtoto. Tunachokiomba kwa Serikali ni mpango huohuo. Ikiwa lazima kukata, basi ianze kukata safari, karamu, magari na ukarabati wa afisi. Ikionekana kwamba sahani ya mtoto imeguswa na karamu ingali pale, hapo tatizo si upungufu wa pesa. Ni upungufu wa mpangilio.

Na kuhifadhi nako kunataka ukaguzi. Mwaka 2025 ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulifichua kwamba pesa za elimu zimewahi kupelekwa kwa shule ambazo hazipo. Wahenga wetu wa Pwani, ambao walikuwa wafanyabiashara, walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Inakuwaje shule isiyo na ukuta wala mwalimu ipate mgao, na huku Kibera na Kawangware kuna shule nyingi ndogo za kijamii, zenye watoto halisi na madawati halisi, ambazo hazipati hata senti ya kapitesheni kwa sababu si za umma? Wazazi hupeleka watoto huko kwa kuwa shule za umma ni chache na zimefurika. Hao wanalipa mara mbili: kodi kwa Serikali na karo kwa shule ya jirani.

Wapo wenye kutuambia kwamba maswali ya namna hii huleta fitna, na kwamba mwenye imani hunyamaza akaomba dua. Dua ni silaha ya muumini, na hatuiachi. Lakini husimuliwa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alisimama mimbarini akiwa amevaa vazi lililozidi kile kitambaa alichogawiwa kila mtu, na mtu mmoja akamuuliza mbele ya watu wote amelipata wapi. Umar hakumfunga wala hakumwita mchochezi. Alimtaka mwanawe, Abdullah, ashuhudie kwamba alimpa baba yake fungu lake. Muulizaji akatosheka, hotuba ikaendelea. Swali lilijibiwa, na fitna haikupata mahali pa kukaa.

Fitna huingia pale swali linapopuuzwa. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulikuja na kodi ya asilimia 16 juu ya mkate na tozo juu ya nepi za watoto. Wananchi walipeleka maoni yao kwa njia ya sheria, na kodi ya mkate ikaondolewa. Lakini mengi hayakusikizwa, Bunge likaupitisha mswada tarehe 25 Juni, na siku hiyohiyo barabara zikajaa vijana. Watu wakapoteza roho zao. Siku iliyofuata, Rais akakataa kuutia saini. Laiti masikio yangefunguka kamatini, mama wengi wangekuwa na watoto wao leo. Wakazi wa Kibera waliiona 2008, na wa Kawangware wakaiona 2017. Wanajua vyema kwamba moto ukianza, kibanda cha maskini ndicho hutangulia kuungua. Kwa hiyo mwenye kuuliza mapema, kwa ushahidi na kwa heshima, ndiye mlinzi wa amani.

Tena maswali huzaa matunda. Makadirio ya mwaka 2025/26 yalipopelekwa Bunge, mitihani ya taifa haikuwa imewekewa pesa. Wazazi wakashtuka, walimu wakasema, wabunge wakahoji, na fungu la mitihani likarudishwa. Pasingekuwa na mwenye kuuliza, huenda mama fua angeambiwa alipie na mtihani.

Hata hivyo, muulizaji naye huulizwa. Bunge linalomhoji Waziri kwa nini pesa hazitoshi ndilo Bunge lililoipitisha bajeti hiyo. Kifungu cha 223 cha Katiba huiruhusu Serikali itumie pesa ambazo hazijaidhinishwa, kwa haja isiyotarajiwa, kisha irudi bungeni kuomba idhini ndani ya miezi 2. Na jumla yake isizidi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa mwaka huo. Mlango huo uliwekwa kwa ajili ya dharura. Ni wajibu wa mbunge kuhakikisha kwamba haugeuki kuwa njia ya kila siku. Kibra ina mbunge wake, Mheshimiwa Peter Orero, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwalimu mkuu. Kawangware, iliyo katika Dagoretti Kaskazini, ina Mheshimiwa Beatrice Elachi. Hao, na wabunge wetu wa Pwani, tunawaombea kheri, na tunawakumbusha kwamba kiti kile ni cha kuulizia.

Basi enyi mama zetu, dada zetu na binti zetu, nasi tuna sehemu yetu, popote tulipo, Nairobi au Pwani.

La kwanza, ulizeni shuleni. Muhula ukianza, mzazi ana haki ya kujua mgao umefika lini na ni kiasi gani. Waulizeni wawakilishi wenu katika chama cha wazazi. Mkiambiwa mchange, ombeni maelezo kwa maandishi, na kila mnacholipa kiwe na risiti.

La pili, ijueni sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza karo ya masomo katika shule za umma, na imesema kwamba mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa sababu mzazi ameshindwa kulipa michango mingine iliyoruhusiwa. Vilevile, tangu mwaka 2017, sheria imewapa wasichana wa shule za umma waliobaleghe haki ya kupata sodo bila malipo. Binti asikose masomo kwa haya, hali haki yake imeandikwa. Semeni kwa upole, lakini semeni.

La tatu, nendeni kwenye vikao. Kila mwaka makadirio ya matumizi hufikishwa Bunge kabla ya mwisho wa Aprili, na maoni ya wananchi hukusanywa kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Vikao hivyo mara nyingi hujaa wanaume. Lakini anayejua bei ya unga kwa yakini ni mwenye kuupika. Akina mama wa msikiti mmoja wakiketi pamoja na kuandika ukurasa mmoja wenye bei, karo na siku ambazo watoto walirudishwa nyumbani, huo ni ushahidi ambao Waziri hawezi kuukana.

La nne, tuanze kwetu. Kamati za misikiti, za madrasa, na vyama vya kina mama vina mifuko. Visomewe hesabu hadharani. Hatuwezi kumtaka Waziri afungue daftari la nchi ikiwa sisi tumelifunga daftari la msikiti.

Watoto wetu huifunza madrasa ile hadithi ya mchunga na alichochungishwa, na wengi waijua kwa moyo. Waziri ni mchunga, mbunge ni mchunga, mwalimu mkuu ni mchunga, na mama fua wa Kawangware ni mchunga wa nyumba yake. Kati ya hao wote, yeye ndiye mwenye kidogo kabisa, na kila jioni hutoa hesabu mbele ya watoto wenye njaa. Wenye trilioni mikononi mwao hawana udhuru wa kushindwa na hesabu anayoiweza yeye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wetu kuwa wenye kuhifadhi na wenye kujua, awape wawakilishi wetu ulimi wa haki na masikio ya huruma, awafungulie riziki za halali mama wote wanaotoka alfajiri kutafuta, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa duniani na akhera. Amin, amin, ya Rabbal aalamin.

Wabillahi tawfiq.